Dashibodi inasema 15, pampu inasema 14: kuchagua sedani ya kutembelea Tabora

Shemeji yangu aliingia uani kwangu Ipuli, hapa Tabora mjini, Jumapili moja akitokea Nzega, na injini hakuizima. Alinishika mkono akanivuta hadi kiti cha dereva. "Shem, soma hapo." Kwenye dashibodi palikuwa na maandishi ya Kijapani ambayo kati yetu hakuna aliyeyajua, na pembeni yake 19.6. Kilomita karibu ishirini kwa lita moja, gari la watu watano, tena buti limejaa mchele! Kabla chai haijaletwa alikuwa ameshaniamulia: niuze sedani yangu ya petroli ya cc 1,800, nichukue ya dizeli kama yake.

Nilimwuliza jambo moja tu. Mafuta yaliyomo aliyawekaje? Akasema Nzega aliweka ya elfu hamsini, juu ya yale yaliyokuwemo. Yaliyokuwemo yalikuwa kiasi gani? Hajui. Basi ile 19.6 ilikuwa shahidi pekee, na shahidi huyo ni gari lenyewe likijisifia.

Wengi wetu tunaweka mafuta hivyohivyo: ya elfu ishirini leo, ya elfu thelathini keshokutwa, taa ikiwaka ndipo tunaikumbuka sheli. Kwa mtindo huo mtu anaweza kukaa na gari miaka mitano asijue linakula nini. Mimi niliokolewa na kazi. Nakagua hesabu za vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku, leo Urambo, kesho Sikonge, na anayenilipa harudishi hela ya mafuta bila risiti ya EFD na kilomita. Nimejikuta nina daftari la miaka minne. Ninachoandika hapa kimetoka humo, na kwenye kujibizana na watu wanaotaka kununua gari kwa sababu wameona picha ya dashibodi ya mtu mwingine kwenye simu.

Namba tatu, gari moja

Gari unalolitamani lina namba tatu za ulaji wa mafuta, nazo hazifanani. Ya kwanza ni ya kiwandani, ndiyo anayoipenda dalali. Ya pili ni ya dashibodi. Ya tatu ni ile unayoipata wewe ukigawanya kilomita kwa lita ulizolipia.

Ya kiwandani tusiipotezee muda mrefu, ila mfano mmoja unatosha kumwondoa mtu usingizini. Chukua Toyota Camry ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, ile ya injini ya lita 2.5 iliyotoka Japani mwaka 2011. Kwa kipimo cha zamani cha Kijapani kinachoitwa 10-15, ilipewa kilomita 26.5 kwa lita. Kwa kipimo kilichofuata, JC08, gari hilohilo likapewa 23.4. Wamarekani nao walipoipima kwa taratibu zao, toleo la kawaida la soko lao likapata maili 41 kwa galoni, na galoni yao ni lita 3.785, kwa hiyo ni kama kilomita 17.4 kwa lita. Kilichotofautiana sana hapo ni mtihani.

Ule mtihani wa 10-15 ulifanyika gari likiwa juu ya magurudumu ya maabara, kwa dakika 11, umbali wa kilomita nne na ushee, na mwendo wa juu kabisa ulikuwa 70 kwa saa. Injini ilianza ikiwa imeshapata moto. JC08 iliongeza umbali hadi kilomita nane, mwendo ukafika 81.6, na ikaingiza hesabu ya kuwasha injini ikiwa baridi. Yote mawili yametungwa kwa kuangalia foleni za miji ya Japani. Kilomita 115 za lami tambarare kutoka Tabora hadi Nzega hazimo. Vumbi halimo. Mama mkwe na magunia mawili ya mahindi hawamo. Na hayo ni pale mtihani unapofanywa kwa uaminifu, maana mwaka 2016 Mitsubishi Motors walikiri wenyewe kwamba walichezea takwimu za mafuta za baadhi ya magari yao madogo.

Kwa hiyo ukisoma "26 kwa lita" kwenye tangazo la gari la mtumba, uliza kwanza ni kwa kipimo gani. Dalali hatajua, lakini atakuheshimu.

Dashibodi inahesabu vipi

Watu hudhani kuna kifaa ndani ya tenki kinachopima mafuta yanayotoka. Kwa kawaida hakipo. Kompyuta ya injini inajua kila nozeli, ule mdomo unaoinyunyizia injini mafuta, imefunguka kwa elfu ngapi za sekunde, na imeambiwa kiwandani kwamba nozeli hiyo ikifunguka kwa muda huo, kwa presha hiyo, inatoa mafuta kiasi fulani. Inazidisha. Halafu inachukua kilomita kutoka kwenye sensa ya mzunguko wa magurudumu, inagawanya, inakuonyesha. Ni makadirio, tena mazuri, lakini yamesimama juu ya imani kwamba nozeli zako bado ni zile za kiwandani. Gari likishatembea kilomita 150,000 na pampu ya mafuta ya gari lenyewe imeshabadilishwa mara moja kwa ile ya bei nafuu, imani hiyo inayumba.

Daftari langu linasema hivi. Safari za Nzega na Urambo, kilomita 612, lita 44.7: ni 13.7 kwa lita. Dashibodi ilisoma 14.8. Mizunguko ya mjini peke yake, kilomita 287, lita 30.1: ni 9.5. Dashibodi, 10.4. Nikarudia, nikarudia tena. Inanizidishia kama asilimia 8 au 9 kila mara, mjini na barabara kuu.

Hapo ndipo nilipoacha kuichukia. Mtu anayekudanganya leo mia, kesho elfu, huwezi kufanya naye biashara. Anayekuzidishia asilimia 8 kila siku unaweza, mradi unalijua. Sasa nikiona 14.8 nazidisha kwa 0.92 na ninapata jibu linalokaribia la pampu. Ikishuka ghafla hadi 13 kwenye njia ileile, najua kuna kitu: upepo wa tairi, breki inayong'ang'ania, au eya klina imeshiba vumbi. Kwa kazi hiyo, ya kulinganisha gari lako la leo na gari lako la wiki iliyopita, dashibodi inaishinda pampu kwa mbali, maana pampu inakungoja hadi tenki liishe.

Kazi ambayo haiwezi ni kulinganisha gari langu na la shemeji. Langu linazidisha 8. Lake linazidisha ngapi? Huenda 3, huenda 12, huenda linapunguza. Mkilinganisha dashibodi mbili, mnalinganisha rula mbili ambazo hakuna aliyezipima.

Kuna jambo jingine ambalo maandishi ya Kijapani yanatuficha. Magari mengi yana wastani zaidi ya mmoja: wa tangu ulipowasha injini, wa tangu ulipojaza mafuta, na wa tangu mtu alipobonyeza kitufe cha kufuta. Ile 19.6 ya shemeji tulipoichunguza ilikuwa ya tangu kuwasha, yaani safari ya Nzega tu, mwendo wa 80, bila kusimama. Alipobonyeza kitufe cha pembeni ikaja nyingine, 17.5. Gari lilelile, dakika ileile. Na anayekuuzia gari anaweza kufuta wastani, akazunguka nalo barabara kuu nusu saa, akakuletea namba tamu. Hata kuchomoa betri kunaweza kuufuta. Ukienda kukagua gari, futa mwenyewe kisha endesha mjini.

Pampu na daftari, na mahali navyo vinapokosea

Njia yenyewe mnaijua: jaza tenki hadi pampu ijikate, sifurisha kilomita za safari, tembea hadi robo tatu ya tenki iishe, rudi sheli ileile, pampu ileile, gari limesimama vilevile, jaza hadi ijikate mara moja tu. Usimruhusu mhudumu aongeze "ifike namba kamili". Kilomita ugawanye kwa lita za kujaza mara ya pili. Makosa ya lita moja kwenye lita 50 ni asilimia 2, kwenye lita 10 ni asilimia 10, ndiyo maana kupima kwa mafuta ya elfu thelathini hakuna maana. Fanya mara tatu, jumlisha kilomita zote, jumlisha lita zote, ndipo ugawanye.

Usichukue wastani wa wastani. Ukitembea kilomita 100 mjini kwa 8 kwa lita na 100 barabara kuu kwa 16, jibu halitakuwa 12. Mjini umetumia lita 12.5, barabara kuu 6.25, jumla 18.75 kwa kilomita 200, ambayo ni 10.7. Ubishi mwingi wa vijiweni unaishia hapo.

Wengine huniambia nijaze alfajiri kwa sababu mafuta ya baridi yamejikusanya. Ni kweli petroli hutanuka, kama asilimia moja kwa kila nyuzi kumi za joto. Ila tenki la sheli liko chini ya ardhi, na huko asubuhi na mchana havipishani sana hata Oktoba ya Tabora inapochoma. Lala usingizi wako.

Kosa la kweli la njia ya daftari liko kwenye kilomita. Pampu inasahihisha lita peke yake. Umbali bado unausoma kwenye gari, na gari linahesabu mizunguko ya tairi. Binamu yangu aliyeko Ujiji, Kigoma, alitoa tairi za 185/65 R15 akaweka 195/65 R15, kwa sababu ya mawe ya njia anazopita. Tairi mpya ni kubwa kwa asilimia 2 hivi, kwa hiyo gari lake sasa linatembea zaidi ya linavyohesabu. Analalamika kwamba limeanza kunywa. Huenda sehemu ya kiu hiyo ipo kwenye hesabu tu. Kinyume chake, tairi lililolika hadi mwisho limepungua kipenyo na linakuzidishia kilomita. Dawa ni kupima odometa kwa umbali unaoujua au kwa ramani ya simu. Mimi natumia njia ya Nzega.

Sasa, lipi?

Nianze na jambo la Tabora ambalo mtu wa Dar es Salaam hawezi kulijua. Huku hatuna foleni. Kutoka Ipuli hadi sokoni ni mwendo wa nyimbo mbili za redio. Hata hivyo ulaji wa mjini ni mbaya, na sababu ni ufupi wa safari: injini haijapata moto, kompyuta inaongeza mafuta, na ukifika unaizima. Baada ya saa moja unaanza upya. Hapo ongeza desturi ya baadhi ya mafundi wetu kung'oa themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto, "ili gari lisichemshe". Injini isiyo na themostati haifikii joto lake kwenye safari fupi, na kompyuta inaendelea kumwaga petroli kama asubuhi. Kabla hujauza gari kwa sababu ya mafuta, muulize fundi kama hicho kidude kipo.

Sedani ya petroli ya cc 1,500 au 1,800, kina Premio na Allion, ndiyo ninayoiweka mbele kwa mtu anayeishi mjini na kutoka mara mbili tatu kwa mwezi. Tarajia 9 hadi 11 mjini na 13 hadi 15 nje, kwa pampu, na ukipata zaidi shukuru. Tenki la Premio ni lita 60. Ukijaza unakwenda Nzega na kurudi, kisha Urambo na kurudi, na bado hujaanza kuitazama geji. Mafundi wanaijua hadi Kaliua.

Mark X ya cc 2,500 inapendeza, sikatai. Silinda sita, tenki la lita 71, na ukikanyaga inakwenda. Lakini mjini wenye nayo wanaongelea 7 hadi 8, na barabara kuu 11 ukiwa mpole. Jambo ambalo wanunuzi hawalioni ni kwamba kwa kilomita 1,000, kutoka 8 kwenda 10 kwa lita kunaokoa lita 25, ilhali kutoka 14 kwenda 16 kunaokoa lita 9 tu. Kwenye gari lenye kiu, kila pointi ya dashibodi ina hela nyingi zaidi. Kwa hiyo dashibodi inayozidisha asilimia 8 kwenye Mark X inakuficha lita nyingi kuliko ileile kwenye Premio. Tukichukua petroli shilingi 3,000 kwa urahisi wa hesabu, 13 kwa lita ni shilingi 231 kwa kilomita, na 9 kwa lita ni 333. Kwa mwezi wa kilomita 1,000 tofauti inapita laki moja. Bei yenyewe EWURA huitangaza kila mwezi, mji kwa mji, na sisi wa huku mbali na bandari tunalipa na nauli ya lori juu yake, Kigoma zaidi yetu.

Haibridi ya ukubwa wa Camry ni gari la foleni. Wamarekani waliipa maili 43 kwa galoni mjini na 39 barabara kuu. Angalia, mjini ni bora kuliko nje, kinyume cha magari yote tuliyoyazoea. Ubora huo unatokana na kukamata nguvu ya breki na kuirudisha kwenye betri. Kwenye njia iliyonyooka katikati ya miombo, ambako breki unaigusa mara moja kwa dakika ishirini, faida inapungua. Bado itaishinda Mark X vibaya sana, hilo sina shaka. Wasiwasi wangu ni vumbi: betri kubwa hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, upande wa kiti cha nyuma, na kichujio chake kikiziba betri inateseka. Mtu wa Kigoma mjini anayepanda na kushuka Mwanga kila siku ningemshauri aitazame kwa makini zaidi kuliko mtu wa Tabora, maana kila mteremko kwake ni umeme. Hata asiye na haibridi huko asiteremke na fri akidhani anaokoa; ukiliacha gari ndani ya gia na kuondoa mguu kwenye mafuta, gari la nozeli hukata mafuta kabisa, ukiweka fri injini inakunywa ili isizimike.

Dizeli ya lita 2.2, kama Mazda Atenza, ndiyo inayoleta zile picha za 19 na 20. Kiwandani, ya gia za kujibadili, ilipewa 20.0 kwa JC08. Lita ya dizeli ina nguvu zaidi ya lita ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo sehemu ya ushindi huo ni ya mafuta kabla hata hujafika kwenye injini. Usilinganishe kilomita kwa lita kati ya dizeli na petroli. Linganisha shilingi kwa kilomita, kwa bei ya mwezi huo, maana kuna miezi dizeli inapita petroli. Kisha kuna chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Hilo linajisafisha kwa kujichoma, na linahitaji safari ndefu yenye joto. Ukilitumia gari hilo kwenda sokoni na kanisani tu, masizi yanajaa, taa inawaka, na fundi atakayekwambia "tulitoboe" hayuko mbali. Kwa anayekwenda Urambo au Nzega kila wiki, ni gari zuri sana. Kumbuka tu kwamba zote tatu hizi za mwisho zinavuka cc 2,000, na ushuru wa kuziingiza unaonyesha hivyo.

Shemeji alikubali kujaribu. Alijaza hadi pampu ikajikata kwenye sheli moja ya njia ya Nzega, akafanya kazi zake, na baada ya wiki mbili akaja na risiti mbili zimekunjwa ndani ya leseni. Kilomita 505, lita 30.8. Tulipiga hesabu mezani: 16.4. Dashibodi ya tangu kujaza ilisema 17.5, kwa hiyo lake linazidisha karibu asilimia 7, na sasa analijua.

"Bado nimekushinda," akasema.

Ni kweli, amenishinda. Nilimwuliza kati ya hizo 505, za mjini zilikuwa ngapi. Hazikufika thelathini, maana kwenda dukani huwa anatumia pikipiki ya kijana wake. Mimi zaidi ya nusu ya kilomita zangu za mwezi zinaishia kati ya Ipuli, Kitete na Cheyo. Nimebaki na langu, nimeagiza themostati mpya, na shemeji ameomba daftari tupu.